Asili ya Kuwapima Watu Wazima

Neno saratani tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na husemwa ni kwa sababu mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe wa titi hutandaa kama miguu yake. Jina hilo latufunulia jambo moja: tabibu wa zamani aliujua ugonjwa kwa kuuona kwa macho au kuugusa kwa vidole, yaani ulipokwisha kukua. Twataka kueleza hapa jinsi njia nyingine ilivyopatikana, na kwa nini yawahusu hasa walio karibu kustaafu.

Twamkumbuka mwalimu mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji. Aliondoka kazini akiwa na miaka 60, baada ya kufundisha hesabu miaka 34. Kiinua mgongo chake alikwisha kukipangia kazi: mabati ya nyumba na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiona damu kidogo chooni. Akasema ni bawasiri, nasi tuliomzunguka tukakubali, maana kila mtu anamjua mtu mwenye bawasiri. Alipofika hospitali utumbo mpana ulikuwa umeziba, na saratani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ini. Mabati yaliezekwa upesi ili waombolezaji wapate kivuli. Hatusemi kwamba angalipona bila shaka. Twasema kwamba katika miaka yote aliyokuwa mzima hakuna aliyemshauri apimwe, wala sisi hatukujua kwamba jambo kama hilo lipo.

Katika karne ya 19 wataalamu wa Ujerumani, miongoni mwao Rudolf Virchow, walionyesha kwa hadubini kwamba uvimbe wa saratani umejengwa na seli za mwili wenyewe zilizoacha utaratibu wake. Elimu hiyo ilikuwa kubwa, walakini haikumfaa sana mgonjwa. Huko Baltimore, Marekani, mpasuaji William Halsted alikata titi pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake, na bado wengi walikufa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuhama kabla ya kisu kufika.

Aliyegeuza habari hii ni Myunani mmoja, George Papanicolaou, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi. Mwaka 1913 alihamia New York pamoja na mkewe Andromache, na baadaye akapata kazi katika chuo cha udaktari cha Cornell, akichunguza uzazi wa simbilisi. Kila siku aliteka ute wa wanyama hao, akaupaka juu ya kioo na kuzitazama seli zake. Kisha akataka kujua habari za wanadamu, na mtu wa kwanza kujitoa alikuwa mkewe, ambaye alipimwa kwa miaka mingi bila kulalamika. (Vitabu vingi humsifu mume na kumpita mke, sisi twaona heshima yapasa kugawanywa.) Mwaka 1928 alisimama mbele ya wenzake huko Battle Creek, Michigan, akawaambia kwamba seli za saratani ya mlango wa kizazi zaweza kuonekana katika ute huo. Hawakumsikiliza. Ilimpasa kungoja hata mwaka 1941, alipoandika pamoja na Herbert Traut, ndipo matabibu walipoamka. Naye hakuona seli za saratani tu. Aliona pia zile zilizoanza kupotoka, ambazo zingechukua miaka mingi kabla ya kuwa ugonjwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kaa huyu ana majira marefu ya ukimya, na kwamba aweza kutolewa angali kimya.

Katika Finland, tangu miaka ya 1960, wanawake walianza kuitwa kwa barua kila baada ya miaka 5, wawe na maumivu au wasiwe nayo, na vifo vya ugonjwa huo vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini je, kuujua ugonjwa mapema ndiko kuishi zaidi? Swali hili liliwatatiza wataalamu, na si la kupuuzwa. Fikiri gari moshi litokalo Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mtu mmoja aliona likiwa Morogoro, mwingine aliona likiwa Pugu. Wa kwanza amepata habari mapema, walakini gari litafika saa ile ile. Vivyo hivyo mgonjwa aliyegunduliwa mapema aweza kuonekana ameishi miaka mingi na ugonjwa wake, kumbe siku ya kufa haikusogea. Kwa hiyo huko New York, mwaka 1963, wanawake wapatao 62,000 wenye umri wa miaka 40 hata 64 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliitwa kupigwa picha za eksirei za matiti na kupapaswa na daktari, jingine likaachwa na matibabu yake ya kawaida. Miaka ilipopita, vifo vya saratani ya titi katika fungu lililoitwa vilikuwa vimepungua, na faida ilionekana wazi kwanza kwa waliovuka miaka 50.

Saratani ya utumbo mpana, ile iliyomchukua mwenzetu, ilifuata baadaye. Huko Minnesota watu 46,551 wenye miaka 50 hata 80 waliombwa kupaka choo kidogo juu ya karatasi iliyotiwa utomvu wa mti wa guayaki, mti wa visiwa vya Karibi. Ikiwa imo damu isiyoonekana kwa macho, dawa ikidondoshwa karatasi hugeuka buluu. Mwaka 1993 ikatangazwa kwamba waliopimwa kila mwaka walikufa kwa saratani hiyo pungufu kwa 33 katika 100 kuliko wasiopimwa. Sababu yake yafahamika. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo ndani ya utumbo, nacho huchukua yapata miaka kumi au zaidi kugeuka. Basi kijinyama cha mtu wa miaka 50 ndicho saratani ya mstaafu wa miaka 60. Uingereza ilipoanza kupeleka vipimo hivi majumbani kwa posta mwaka 2006, iliwaanza wenye miaka 60 hata 69.

Haifai kuficha upande wa pili. Chombo kiingizwacho utumboni chaweza, mara chache, kuutoboa. Kipimo cha damu cha tezi dume kimegundua saratani nyingi za polepole ambazo wenye nazo wangezeeka nazo hata kufa kwa jambo jingine, na baadhi yao walipata madhara ya matibabu wasiyoyahitaji. Ndiyo maana kuna umri wa kuanza na umri wa kuacha, na mtu yapasa azungumze na daktari wake.

Kwetu hakuna barua iletwayo nyumbani. Mtu sharti aulize mwenyewe. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wadachi na kufunguliwa mwaka 1897, ilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, na wengi waiendeao hufika wamechelewa. Kwa mlango wa kizazi, kliniki nyingi hupaka siki, na muuguzi hutazama kama pana doa jeupe. Huko Mumbai, India, wanawake 150,000 walishirikishwa katika jaribio la njia hiyo, wapimaji wakiwa wanawake waliofundishwa kwa majuma machache, na vifo vikapungua kwa 31 katika 100. Lakini aliyekoma hedhi siki haimfai sana, kwa kuwa sehemu ya kutazamwa hurudi ndani. Humfaa zaidi kipimo cha virusi. Wanawake wengi wa umri huo hudhani mambo ya kizazi yamekwisha kuwapita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, huwatanguliza wenye miaka 30 hata 49, na pale penye vifaa, wale wa 50 hata 65 ambao hawajapimwa kamwe.

Mjane wa mwenzetu ana miaka 58. Alikwenda hospitali ya mkoa, akaambiwa siki si ya umri wake, akachukuliwa ute kwa kijiburashi. Kungoja zamu, asema, kulichukua muda mrefu kuliko kipimo. Alipokuwa barazani alipita jirani, akamwuliza, “Mama, unaumwa nini?” Akamjibu, “Siumwi, mwanangu. Mimi ni mtu mzima.”