Dawa za Tumbo na Siri ya Maji

Msomaji, ukipata nafasi siku moja ya kutembea katikati ya Nairobi, teremka mpaka River Road, mtaa usio mbali na Mto Nairobi. Hapo maduka yamebanana kama meno, wachukuzi wapita na mizigo, na makondakta wawaita abiria wa safari za mbali. Kati ya duka la vitambaa na nyumba ya kulala wageni hutakosa kuliona duka la dawa. Ingia, usimame kando, uwasikilize wanunuzi. Si ajabu akaja mama aliyebeba mtoto mgongoni, akamwinamia mwenye duka na kusema kwa sauti ya chini, maana maradhi ya tumbo yana aibu yake, "Daktari, naomba dawa ya kufunga tumbo."

Ombi hilo nimelisikia mara nyingi. Ndani ya maneno yale imo historia ndefu ya utabibu, na limo pia kosa lililowashinda matabibu wakubwa kwa karne nyingi.

Watu wa kale walilitazama tumbo kama mlango. Likifunga, lilitafutiwa cha kulifungua. Likihara, lilitafutiwa cha kulifunga. Lakini ndani ya utumbo wa mtu mzima, kila siku, hupita lita 8 au 9 za maji. Baadhi ni ya chakula na kinywaji, na mengi zaidi ni mate, nyongo na majimaji mengine ambayo mwili wenyewe huyamimina ili kuyeyusha chakula. Karibu yote hurudishwa katika damu kabla ya kufika mwisho wa safari. Yakirudishwa kupita kiasi, twapata uyabisi wa tumbo, yasiporudishwa, twahara. Basi tumbo lafanana zaidi na pwani, penye maji kupwa na maji kujaa.

Dawa za kufungua tumbo zilivumbuliwa mapema, na nyingi zingali zikiuzwa. Chumvi ya haluli huitwa na Waingereza kwa jina la mji wao wa Epsom, ambako maji machungu ya kisima yalianza kupata sifa katika karne ya 17. Utumbo hauwezi kuinyonya kwa wepesi. Hubaki ndani na kuyavuta maji kwake. Sanamaki, ambayo jina lake lenyewe latuambia kuwa ni sana ya Makka, ilijulikana kwa matabibu wa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Majani yake hupita tumboni bila kufanya lolote, mpaka yafike katika utumbo mpana. Huko vijidudu waishio ndani yetu huivunja dawa ile na kuiamsha. Katika maduka ya Wahindi utapata isabgoli, ganda la mbegu ndogo ilimwayo Gujarat, ambayo jina lake la Kiajemi lina maana ya sikio la farasi. Hiyo hunywa maji na kufura kama uji, ikakilainisha choo kigumu. Mafuta ya mbarika nayo yametajwa katika maandishi ya tiba ya Misri yaliyoandikwa miaka 1,550 hivi kabla ya Kristo. Wazee waliolazimishwa kuyanywa walipokuwa watoto hawana haja ya kuelezwa ladha yake.

Dawa ya kufunga ilikuwa moja iliyozipita zote, nayo ni kasumba. Siku hizi neno hili tumeliazima kwa mawazo yanayolevya akili, hata vijana wengi hawajui kuwa asili yake ni afyuni, utomvu wa mpopi. Mwaka 1848 daktari wa jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, John Collis Browne, aliichanganya na bangi na klorofomu, akaiita Chlorodyne, akaitumia kwa wagonjwa wa kipindupindu. Chupa zake zikaenea kila palipopepea bendera ya Uingereza. Kasumba huilaza misuli ya utumbo, mwendo wa tumbo ukapungua, na mgonjwa akatulia. Katika karne ya 20 maabara ya Paul Janssen, huko Ubelgiji, ilitengeneza jamaa zake wasiolevya akili kwa urahisi: difenoksileti mwaka 1956, na loperamidi mwaka 1969. Loperamidi ndiyo vidonge ambavyo msafiri wa basi huvinunua leo asiadhirike njiani. Kwa mtu mzima asiye na homa wala damu katika choo, vina kazi yake. Kwa mtoto mchanga ni hatari. Mwaka 1990, baada ya watoto kufa nchini Pakistan kwa kupooza utumbo, matone ya loperamidi yaliyotengenezewa watoto yaliondolewa sokoni.

Kwani ubaya wa kufunga mlango ni nini? Ni kwamba maji hayakuzuiwa yasitoke katika damu. Misuli imelala, lakini ukuta wa utumbo ungali ukivuja, na mtoto aweza kukauka hali tumbo lake limejaa.

Hayo hayaonekani wazi popote kama katika kipindupindu, maradhi yawezayo kumtoa mtu mzima lita moja ya maji kwa saa. Unguja ilipigwa nayo vikali mwaka 1869 na 1870. James Christie, daktari aliyekuwa akiishi huko, alifuatia nyayo za maradhi hayo katika njia za misafara ya bara, akayatolea kitabu mwaka 1876. Ulaya wakati ule kuna madaktari waliowatoa wagonjwa damu, na wengine wakawapa dawa za kuharisha, yaani walimwaga maji ya mtu aliyekuwa akifa kwa kukosa maji! Na yasikitisha zaidi kwamba ukweli ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwaka 1832, katika mji wa Leith huko Uskochi, Thomas Latta aliwatia wagonjwa maji ya chumvi katika mishipa, na baadhi yao waliokuwa wakingojewa kufa wakaketi na kuzungumza. Latta alifariki mwaka uliofuata, na kazi yake ikaachwa kwa miaka mingi.

Maji ya mishipani yalirudi baadaye, lakini yalitaka sindano, chupa safi na mtu aliyefunzwa. Kumnywesha mgonjwa maji kulionekana kazi bure, kwani yalitoka kama yalivyoingia. Fumbo hilo lilifumbuliwa na mtaalamu wa Kimarekani, Robert Crane, alipoeleza katika mkutano wa Prague mwaka 1960 kwamba sukari na chumvi huingia katika ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana mikono. Mlango wa chumvi peke yake waweza kuharibiwa na maradhi, lakini mlango wa wawili hawa hubaki wazi. Nao wakiingia, maji huwafuata. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko huo kwa vipimo, nao wakapona kwa maji machache sana ya mishipani.

Wengi hawakuamini, kwa kuwa dawa ilikuwa rahisi mno. Mwaka 1971 vita viliwakimbiza mamilioni ya watu kutoka Bangladesh ya leo mpaka India, na kipindupindu kikawaingia. Katika kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za maji ya mishipani. Wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni. Akaamuru glukosi na chumvi zipimwe, zitiwe katika mapipa ya maji, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka mpaka chini ya 4. Mwaka huo huo wa 1971 wimbi jipya la kipindupindu, lililoanzia Indonesia miaka 10 kabla, lilifika Kenya.

Halijatuacha mpaka leo. Nairobi ilikiona kipindupindu mwaka 2015 na tena mwaka 2017, na maradhi mengine ya kuhara huwafuata watoto wa mitaa yenye maji machafu kila mwaka. Yako mambo yaliyosaidia. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri mtoto anayehara apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Mwaka 2014 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya rota, kirusi kiletacho kuhara kukali. Lakini pakiti ya chumvi na sukari, yenye herufi ORS, bado ina adui mmoja ambaye si kijidudu. Haifungi tumbo. Mama huichanganya na kumnywesha mtoto, na mtoto huendelea kuhara siku moja au mbili au zaidi. Mama naye, kwa haki kabisa, huona dawa imeshindwa, akarudi dukani kutafuta iliyo kali zaidi.

Basi mrudie yule mama wa River Road. Mwenye duka ajuaye kazi yake hatampa kidonge cha kufunga. Atamwuliza kwanza kama mtoto anakojoa, kama macho yameingia ndani, kama choo kina damu, na kama anaweza kunywa. Na akiona hatari atamwambia aende hospitali saa ile ile. Kisha atampa pakiti na zinki, na kumweleza kuwa mtoto ataendelea kuhara, asishtuke, aendelee kumnyonyesha na kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika angoje dakika 10 aanze tena. Na pakiti ikikosekana usiku nyumbani, apime lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, atie sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo, akoroge, aonje kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, ayamwage, apime upya.