Leseni na vibali vya biashara ya nje katika Bonde la Kilombero

Leseni na vibali vya biashara ya nje katika Bonde la Kilombero ni utaratibu wa kisheria unaoamua nani anaweza kuuza mazao ya bonde hilo nje ya Tanzania, na nani anaweza kuingiza nchini bidhaa zinazoshindana nayo. Bonde liko katika Mkoa wa Morogoro na kitovu chake cha biashara ni mji wa Ifakara, ambao Katindiuka ni mojawapo ya kata zake. Mazao yanayoguswa zaidi ni mpunga na miwa. Utaratibu wenyewe ni wa kitaifa, lakini athari zake huonekana mapema hapa, kwa sababu bei ya gunia la mpunga wakati wa mavuno hufuata kwa karibu kilichoamuliwa Dodoma au mpakani.

Leseni na kibali

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Leseni humruhusu mtu au kampuni kufanya aina fulani ya biashara kwa muda maalumu. Kibali huhusu bidhaa: kiasi fulani cha mchele kinachokwenda nchi fulani. Mwenye leseni bila kibali huzuiwa mpakani pamoja na mzigo wake.

Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, leseni zimegawanywa katika makundi mawili. Leseni ya kundi B hutolewa na halmashauri, na ndiyo inayomtosha mwenye duka au mashine ya kukoboa mpunga Katindiuka. Biashara ya kuuza au kuingiza bidhaa kutoka nje imo kundi A, ambalo leseni yake hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kabla ya hapo mwombaji huhitaji namba ya mlipakodi (TIN) na uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwamba hadaiwi kodi. Hii ni sababu mojawapo ya wafanyabiashara wengi wadogo kuishia kuwauzia wenye leseni kubwa badala ya kusafirisha wenyewe.

Kuuza nje

Mchele unaotoka nchini huhitaji kibali cha Wizara ya Kilimo. Huhitaji pia cheti cha afya ya mimea, kinachothibitisha kwamba mzigo hauna wadudu wala magonjwa. Cheti hicho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Utaratibu wa vyeti vya namna hii duniani unatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa 1951. Hati nyingine muhimu ni cheti cha uasili wa bidhaa. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa yenye cheti hicho haitozwi ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani ipo fomu rahisi inayopatikana mpakani.

Msingi wa kibali cha chakula ni hofu ya njaa: serikali hutaka kujua kiasi kinachotoka. Mara kadhaa hofu hiyo imegeuka katazo kamili. Mwaka 2011 uuzaji wa mahindi nje ulizuiwa kwa miezi kadhaa, na Juni 2017 yakazuiwa tena mahindi yasiyosagwa. Makatazo hayo yalilenga mahindi zaidi kuliko mchele, lakini yaliwafundisha wanunuzi wa nchi jirani kutoitegemea Tanzania kwa mikataba mirefu. Katikati ya 2023 malori ya nafaka ya wafanyabiashara wa Kenya na Uganda yalikwama. Waziri wa Kilimo Hussein Bashe alieleza kwamba hapakuwa na katazo, bali anayetaka kusafirisha nafaka lazima awe na kampuni iliyosajiliwa nchini, hati ya kodi na kibali. Tangu Julai 2025 wasio raia wamezuiwa pia kununua mazao shambani.

Nchi inayopokea nayo ina mamlaka yake. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, mahindi, tangawizi na ndizi kutoka Tanzania. Mwezi uliofuata Tanzania ilijibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, kisha ikaliondoa katazo hilo siku chache baadaye.

Mbao za mitiki inayopandwa bondeni hufuata njia nyingine, ile ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Kuingiza mchele na sukari

Mchele kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 75, kiwango cha juu kinacholenga kuwalinda wakulima. Ulinzi huo unaweza kuondolewa kwa uamuzi mmoja. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili kushusha bei. Bei ilishuka kweli, lakini walioumia ni wakulima wa Kilombero na kwingineko waliokwisha kugharimia mashamba kwa matumaini ya bei ya zamani.

Kaskazini mwa bonde, eneo la Kidatu, kuna viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, vinavyonunua pia miwa ya wakulima wadogo. Viwanda hupunguza au kusimamisha kazi wakati wa masika, miwa isipoweza kutolewa shambani. Pengo hilo huzibwa na sukari ya nje kwa vibali vya Bodi ya Sukari Tanzania. Kiasi kikizidi, sukari ya ndani hubaki ghalani. Kikipungua, bei dukani hupanda. Februari 2016 Rais John Magufuli aliagiza vibali visitolewe bila idhini yake, na miezi michache baadaye sukari ikaadimika hata serikali ikalazimika kuagiza. Baada ya uhaba wa mwanzoni mwa 2024, uliofuata mvua za El Niño, Bunge lilibadili sheria na kuiruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) kuingiza sukari ya kuziba pengo. Mjadala wa vibali hivyo ulikuwa mkali: Juni mwaka huo Mbunge Luhaga Mpina, aliyemtuhumu waziri kuhusu utoaji wake, alisimamishwa kuhudhuria vikao 15.