Bingo: Kutoka Jumba la Sinema Hadi Kiganjani

Jumba la Granada, katika mtaa wa Tooting kusini mwa London, lilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya filamu. Aliyelipamba kwa ndani ni Theodore Komisarjevsky, mwongozaji wa tamthilia kutoka Urusi, naye alilifanya lifanane na kanisa kuu la kale: matao yaliyochongoka, nguzo nene, ujia mrefu uliojaa vioo. Televisheni ilipoingia majumbani, watazamaji walipungua, na mwaka 1973 filamu zikakoma. Miaka mitatu baadaye milango ilifunguliwa tena, safari hii kwa bingo. Mwaka 2000 jengo hilo lilipandishwa hadi daraja la juu kabisa la majengo yanayohifadhiwa nchini humo. Wapenzi wa usanifu huliombolezea kama sinema iliyopotea. Mimi naona bingo ndiyo iliyoliokoa.

Mchezo wenyewe ni wa kale kuliko sinema. Asili yake ni lotto ya Italia ya karne ya 16, na nchini Uingereza ulienezwa zaidi na askari na mabaharia. Jeshi lilikataza kamari kambini, lakini mchezo huu liliuvumilia. Alama ya kambi imebaki hadi leo: mtaja namba anapoitoa 9 husema ni agizo la daktari, kwa sababu kidonge namba tisa ndicho waganga wa jeshi walichowapa askari kwa kila ugonjwa.

Kilichoutoa kambini na kuuingiza mitaani ni sheria ya kamari ya mwaka 1960, iliyoanza kutumika Januari 1961. Kampuni za burudani zilikuwa na majumba matupu mikononi, nazo hazikungoja. Eric Morley wa kampuni ya Mecca, yuleyule aliyeanzisha mashindano ya Miss World mwaka 1951, aligeuza kumbi za dansi na sinema kuwa vilabu vya bingo, na kampuni ya Rank nayo ikafanya hivyo. Wanachama walifika mamilioni kwa haraka iliyowatia hofu wabunge, na mwaka 1968 sheria mpya ikaja kukaza masharti.

Umati huo ulikuwa wa wanawake kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo penye historia inayostahili kuandikwa. Katika miji ya viwanda ya wakati ule, baa ilikuwa ya wanaume na duka la kubashiri farasi lilikuwa la wanaume. Mke wa mfanyakazi wa bandari au mgodi, akishamaliza kupika na kulaza watoto, hakuwa na pa kwenda peke yake jioni bila kutupiwa macho. Ukumbi wa bingo ulimpa kiti, chai, mwanga na wenzake. Wenye heshima zao walimcheka, wakasema anapoteza fedha za nyumba kwa mchezo usiohitaji akili. Mumewe akiziacha fedha hizohizo baa, hawakusema neno.

Na akili ilihitajika. Bingo ya Uingereza ina namba 1 hadi 90, na kila tiketi ina namba 15 katika mistari mitatu. Tiketi sita zinazouzwa pamoja hubeba namba zote 90, hivyo kila namba ikitajwa huna budi kuitafuta, kuipata na kuitia wino kabla ya nyingine kutoka. Kuna zawadi ya mstari mmoja, ya mistari miwili, kisha ya kadi nzima. Ukumbi mzima hunyamaza, na usipopaza sauti kwa wakati, ushindi wako unaweza kupotea.

Mapigo yalikuja mfululizo. Bahati nasibu ya taifa ilianza Novemba 1994, na tiketi yake ikanunuliwa dukani pamoja na mkate. Marufuku ya kuvuta sigara ndani ilianza Scotland mwaka 2006, England mwaka 2007, na wachezaji wengi walikuwa wavutaji. Mwaka 2009 kodi ya bingo ikapandishwa hadi asilimia 22. Iliposhushwa hadi 10 mwaka 2014, kumbi nyingi zilikuwa zimeshafungwa. Gaumont State ya Kilburn, jumba la mwaka 1937 lenye viti zaidi ya 4,000, lilimaliza bingo mwaka 2007 na sasa ni kanisa. Msomaji wa Nairobi hatashangaa, maana ameona sinema za jiji lake zikifuata njia hiyohiyo.

Wakati huohuo mchezo ulihamia kwenye intaneti. Tombola ya Sunderland, iliyotokana na biashara ya familia ya kuchapisha kadi za bingo, iliingia mtandaoni mwaka 2006 na ikakua kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za fani hiyo. Mashine hukutilia alama yenyewe na kukutangazia ushindi hata kama umeinuka kugeuza chapati. Waendeshaji walijua kinachokosekana, wakaweka vyumba vya gumzo na watu wa kuwachangamsha wachezaji. Kwa mgonjwa asiyetoka nyumbani, au mama mwenye mtoto mchanga, gumzo hilo ni faraja ya kweli. Lakini ukumbi hufunga milango usiku na basi la mwisho huwarudisha watu makwao. Simu haina saa ya kufunga, na hatua moja kutoka kwenye bingo ipo michezo ya kamari yenye kasi zaidi.

Vijana nao wamerudi ukumbini kwa njia yao. Bongo's Bingo, iliyoanzia Liverpool mwaka 2015, huchanganya namba na muziki, na watu hucheza dansi juu ya meza. Kelele hizo zingemkera bibi wa mwaka 1965, ila naye angetambua kwamba waliolipa kiingilio wamefuata kukaa pamoja.

Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuifuta kodi ya bingo ya kumbini kuanzia Aprili 2026, na kupandisha ile ya michezo ya kamari ya mtandaoni kutoka asilimia 21 hadi 40. Bingo ya kwenye simu imo katika kundi hilo la pili. Ni uamuzi sahihi, na ulipaswa kufanywa miaka 15 iliyopita, kumbi zilipokuwa bado nyingi.