Ugomvi wa Vina, Kutoka Ukerewe Hadi Mutoshi

Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi imeshavuka nusu karne tangu Heinemann waitoe Nairobi mwaka 1974, na huku kwetu Kolwezi, Katanga, sikusikia hata hotuba moja ya kuikumbuka.

Kanuni za kale zinajulikana: ubeti wa mishororo minne, mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Kaluta Amri Abedi aliziweka kitabuni mwaka 1954, akashikilia kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Chukua "mgodi wetu Mutoshi". Hesabu kwa vidole: mizani nane kamili. Ongeza "umejaa vumbi, moshi" na mshororo umetimia, ila bado hujasema lolote juu ya aliyeko shimoni.

Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, alieleza katika dibaji yake kuwa anataka ushairi utumie lugha ya mazungumzo ya kila siku. Ebrahim Hussein alishajaribu kabla yake, lakini kitabu kizima cha mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, ndicho kilichowasha moto.

Moto wenyewe ulikuwa wa kusisimua. Wanamapokeo walisema huu si ushairi bali nathari iliyokatwakatwa, tena uigaji wa Wazungu. Waliyanyooshea kidole kuwa mashairi guni, yaani yenye ila. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaingia ulingoni na Malenga wa Bara mwaka 1976, jina ambalo peke yake lilitosha kuwaudhi watu wa pwani, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Hoja yao: vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi, na watu wa bara walikuwa na nyimbo na maghani yao bila kuhesabiwa silabi na mtu. Jumanne Mayoka alijibu mwaka 1986 kwa kitabu alichokiita waziwazi Mgogoro wa Ushairi. Mimi niko upande wa Mulokozi na Kahigi, ingawa nakiri mashairi huru mengi ni uvivu mtupu: mtu anakata sentensi vipande vinne anajiita mshairi.

Ugomvi huo ulikuwa pia wa kumiliki lugha, na hapo unatuhusu. Kiswahili cha Katanga kilikulia katika makambi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, midomoni mwa Waluba, Walunda, Wabemba na wengine. Tenzi za Lamu hazikukilea.

Baadaye Kezilahabi alitoa Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), Kenya ikawapata Alamin Mazrui na Kithaka wa Mberia, na Kezilahabi mwenyewe akafariki Januari 2020. Mwana wetu wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa 1981 na mwandishi wa Tram 83, husoma jukwaani maneno yakimtoka kwa fujo huku saksafoni ikimfuata. Lakini anaishi Graz, Austria, na anaandika kwa Kifaransa.

Fasihi inayosomeshwa sekondari zetu nayo ni ya Kifaransa. Kiswahili cha "banasema" na "iko" tumekiachia soko, redio na magitaa, kana kwamba kitabu cha mashairi kingekichafulia jina. Kijana wa Mutoshi mwenye daftari lake la mistari isiyo na vina ampelekee mchapaji gani?