Punje ya Pilipili Manga kwa Fleti ya London

Mwaka 1677, katika kanisa la St Clement Danes jijini London, Mary Davies aliozwa kwa Sir Thomas Grosvenor. Bibi harusi alikuwa na miaka 12. Alikuwa pia mrithi wa ekari zipatazo 500 za malisho na madimbwi, magharibi ya mji. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo leo inaitwa Mayfair na Belgravia, na ukoo wa Grosvenor ungali unamiliki mitaa mingi ya huko.

Siri ya utajiri huo ni kupangisha bila kuuza. Mjenzi alipewa kiwanja kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 99. Alijenga kwa fedha zake na kulipa kodi ndogo ya ardhi kila mwaka. Miaka ilipokwisha, kiwanja kilirudi kwa mwenyewe pamoja na kila tofali lililokuwa juu yake.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua hati ya miaka 99 na kodi ya pango la ardhi. Wa Nairobi anajua zaidi, maana sheria ya kikoloni ya 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99, na ile ya 1915 ikaifikisha 999. Lakini kwetu mwenye ardhi anayesubiri muda uishe kwa kawaida ni serikali. Uingereza anayesubiri anaweza kuwa mtu binafsi, ukoo, au kampuni iliyonunua haki ya kusubiri.

Uchungu wa kusubiriwa namna hiyo waliuonja sana watu wa kusini mwa Wales. Wachimba makaa ya mawe na mafundi wa chuma walijenga nyumba katika karne ya 19 juu ya ardhi ya makabaila. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 mikataba ikaanza kuisha, na wajukuu wakaambiwa nyumba iliyojengwa na babu si yao. Kilio hicho ndicho kilichozaa sheria ya 1967, iliyowapa wapangaji wa muda mrefu haki ya kuinunua ardhi au kuongezewa miaka 50. Wadhamini wa mali za Grosvenor waliipinga hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 1986.

Sheria hiyo ya 1967 ilihusu nyumba nzima tu. Wakazi wa fleti waliachwa nje, na sababu yake haikuwa ukabaila peke yake. Sakafu yangu ni dari yako, paa ni letu sote, bomba la maji linapita kwa kila mtu. Sheria ya Uingereza, tangu hukumu za karne ya 19, haikuruhusu wajibu wa kukarabati umfuate kila mnunuzi mpya wa ardhi ya kudumu. Ndani ya mkataba wa kupanga, wajibu huo unamfuata. Ndiyo maana fleti ziliuzwa kwa miaka 99 au 125, na mtu akalipa bei ya kununua ili apate haki za mpangaji.

Haki ya wakazi wa fleti ilikuja mwaka 1993. Mwenye fleti aliyetimiza masharti aliweza kudai nyongeza ya miaka 90 juu ya ile iliyobaki, akilipa fidia. Baada ya hapo kodi ya ardhi inakuwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na hakuna anayekuja kuidai: ni lugha ya kale ya mawakili wa Kiingereza, maana yake bure. Duke wa Westminster wa wakati huo, mrithi wa ndoa ile ya 1677, alijitoa katika chama cha Conservative kwa hasira.

Fidia yenyewe ndiyo inayouma. Mkataba ukirefushwa, fleti hupanda bei. Ongezeko hilo huitwa thamani ya ndoa, kwa kuwa linazaliwa pale maslahi ya mpangaji na ya mwenye ardhi yanapokutana. Sheria ya 2002 iliweka mpaka: ikibaki zaidi ya miaka 80, thamani ya ndoa haihesabiwi; ikibaki 80 au chini, nusu yake ni ya mwenye ardhi. Kwangu mimi huu ni udhalimu. Mtu analipishwa kwa sababu kalenda imegeuka. Na benki nazo huanza kusita kukopesha miaka inapopungua, hivyo anayechelewa hukosa hata mnunuzi.

Mwezi Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta thamani ya ndoa na kutoa nyongeza ya miaka 990. Sharti la kumiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai liliondolewa Januari 2025. Wenye ardhi walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo, na mwezi Oktoba 2025 wakashindwa, kama walivyoshindwa 1986. Lakini vifungu vya fidia na vya miaka 990 havikuanza kutumika siku sheria ilipopita. Viliachiwa waziri avipangie tarehe. Mwenye fleti aliyebakiwa na miaka 82 siku ile ya Mei alipaswa kuchagua: alipe kwa kanuni za zamani, au aingoje tarehe ya waziri huku 82 ikiwa 81, na 81 ikiwa 80.