Kutoka Dhiraa hadi Meta: Vipimo vya Ujenzi katika Historia ya Waswahili

Hudhaniwa mara nyingi kwamba kubadili vipimo ni kubadili namba tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila kipimo cha ujenzi kina mapatano ndani yake baina ya mwenye nyumba na fundi: ni kitu gani kihesabiwe, na ni nani achukue hasara.

Katika miji ya mwambao, fundi alipima kwa mwili wake. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, iitwayo pia mkono, ambayo ni sentimeta 45 hivi. Dhiraa mbili zilifanya wari. Dhiraa nne zilifanya pima. Lakini miti ya mikoko haikuuzwa kwa urefu. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, baada ya kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana uliozidi sana meta 3, vyumba vya Lamu na Unguja vilikuwa virefu na vyembamba. Hivyo mti wenyewe ulikuwa kanuni ya nyumba.

Maneno haya nayo yana historia yake. Pima ni la Kibantu. Dhiraa na shibiri yametoka katika Kiarabu. Korija limeletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Mkono ulisafiri pia na misafara hadi bara, ukipima nguo: doti moja ilikuwa mikono minane. Hata hivyo, haukuja kuijenga Lubumbashi. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulijengwa chini ya Wabelgiji, ambao kwao meta ilikuwa desturi tangu karne ya 19. Huku kwetu meta iliingia pamoja na nyumba za mji. Kule Kenya, Tanganyika na Unguja, futi na inchi za Waingereza ziliwakuta mafundi wenye dhiraa yao.

Waingereza walileta jambo jingine zaidi ya futi. Mwaka 1922 wakadiriaji majenzi na makandarasi wa Uingereza walitoa kanuni moja ya kupima kazi za ujenzi, ili wote wanaoshindania kazi wakadirie bei juu ya msingi mmoja. Mwaka 1970 wakadiriaji majenzi wa Kenya walitoa kanuni ya Afrika Mashariki, iliyotumia meta. Faida yake ni kubwa: mabishano hupungua, na udanganyifu hupata taabu. Lakini asili ya kanuni hiyo ni nchi ya matofali yaliyo sawasawa na mbao zilizopasuliwa kwa mashine.

Tuchukue mfano wa ukuta wenye zidaka katika nyumba ya kale ya Lamu. Ukuta ukipimwa kwa meta za mraba, na matundu yote yakaondolewa katika hesabu, zidaka zitaupunguza ujira. Kumbe mahali penye zidaka ndipo palipo na mawe machache na kazi nyingi kuliko pote! Kanuni ikihesabu mawe bila kuhesabu mkono wa fundi, itakuwa sahihi katika karatasi na dhuluma katika malipo.

Suala hili si la zamani tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nyumba zao zinahitaji kukarabatiwa kwa mikataba iliyoandikwa. Kwa maoni yetu, meta ibaki, kwani ndiyo lugha ya wote. Lakini miti ihesabiwe kwa idadi na daraja la unene. Unene wa ukuta wa mawe ya matumbawe, usio sawa popote, upimwe mahali kadhaa na kutafutiwa wastani. Na kuunda zidaka kuandikwe kuwa kazi ya peke yake, yenye bei yake.

Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Fito, pau, mazio na zidaka si mapambo ya kamusi: ni majina ya vitu vinavyolipiwa. Yakikosekana katika mkataba, fundi atatia sahihi asichokielewa, na kazi yake isiyo na jina haitapata malipo.