Majina ya Vyama vya Wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Historia ya vyama vya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huelezwa mara nyingi kuwa ni historia ya migomo na kufukuzwa. Lakini kwa mtaalamu wa lugha liko jambo jingine lipasalo kuangaliwa, nalo ni majina. Kwa maana jina la chama huonyesha ni nani aliyekizaa, na pengine ni nani awezaye kukiua.

Chuo kilianzishwa mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wakapokea desturi za Kiingereza za kujitawala: katiba, rais, uchaguzi. Desturi hizo zilitikiswa tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao.

Mwaka 1967, Azimio la Arusha likiwa bado jipya, wanafunzi wa nchi mbalimbali waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Chama hakikuwa kikubwa, wala hakikungoja kibali cha fikra kutoka kwa mtu. Kiliendesha madarasa yake siku za Jumapili, na mwezi Novemba 1969 kikishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU kikatoa jarida la *Cheche*. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Jina la chama lilikuwa la Kiingereza na makala za jarida ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini jina la jarida lilikuwa Kiswahili safi. Hata hivyo neno hilo lilikuwa tafsiri: Lenin alikuwa na *Iskra*, na Ghana ya Nkrumah ilikuwa na *The Spark*, yote mawili yakiwa na maana ile ile. Wakubwa waliitambua nasaba hiyo. Novemba 1970 chama na jarida vilipigwa marufuku, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba jina *Cheche* lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Umoja wa Vijana ukaachwa, na mwaka 1971 ukatoa jarida lake, *MajiMaji*. Hapana aliyeweza kusema kwamba jina hilo lilitoka Urusi.

Chama cha wanafunzi wote, DUSO, kilibaki. Julai 1971 rais wake, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia uendeshaji wa chuo. Alifukuzwa, na askari wakaja kumwondoa. Baada ya maandamano ya Machi 1978 ya kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, DUSO nayo ikavunjwa.

Badala yake kikaja MUWATA, yaani Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya Chama tawala. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wa Mlimani walitawaliwa na chombo chenye jina la Kiswahili, na jina hilo hawakulichagua wao. Wapenzi wa lugha ya taifa wana haki ya kulisikitikia jambo hili. Ilipofika miaka ya 1990, mfumo wa chama kimoja ukielekea kukoma, wanafunzi walipata tena chama chao wenyewe. Nacho wakakiita DARUSO, kwa herufi za Kiingereza.